Chapa Chini ya Goti

Kanuni za matumizi ya jina na nembo ya umoja wetu ziko kumi na moja, na zote nimeziandika mimi. Sijisifu. Nasema mapema ili mtu asihangaike kumtafuta mwingine wa kumlaumu.

Umoja wenyewe ni wa mafundi wa viungo bandia, watu wanaowatengenezea miguu na mikono waliokatwa. Hatuko wengi. Nembo yetu ni duara, na ndani yake nyayo mbili: mmoja umejaa rangi ya bluu, wa pili ni mstari mtupu. Tulipoisajili kuwa alama yetu ya biashara tukapewa hati, hati tukaitundika ukutani, na mimi Anastasia Komba nikateuliwa kuwa katibu wa nembo. Watu walikicheka cheo hicho, nami nilikuwa nanuna. Nembo nayo ina katibu? Inaye.

Na kanuni zile hazikushuka kutoka hewani. Kuna mjanja mmoja mjini alibandika nembo yetu kwenye miguu ya plastiki ambayo hata mtoto asingeichezea. Mama mmoja akanunua mguu mmoja akiamini sisi ndio tumeupima. Ukakatika akiwa anashuka ngazi, nyonga ikavunjika. Nilikwenda kumwona wodini, na niliporudi nikaandika kanuni ya nne kwa hasira: nembo haitawekwa kwenye kiungo chochote anachovaa mgonjwa, na asiye mwanachama hai hataitumia mahali popote, wala hatajiita kwa jina letu. Hata leo nikiisoma naona ni kanuni nzuri. Hilo ndilo linaloniuma.

Mwezi wa sita mwaka jana picha iliingia kwenye simu ya ofisi. Mwanachama wetu mmoja wa Temeke alikutana na mgonjwa aliyevaa mguu wa mbao nyepesi, wenye mikanda ya ngozi na soli ya tairi. Chini ya goti, upande wa ndani, nembo yetu ilikuwa imechomwa kwa chuma cha moto. Aliandika chini yake: "Katibu, hawa matapeli tutawafanya nini?"

Sikuhitaji kuuliza ni kazi ya nani. Mkono uliokufundisha unautambua hata ukiwa umefumba macho. Ilikuwa kazi ya Mzee Gregori Nandonde wa Mbagala.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, sina mbele wala nyuma, aliponipokea kwenye karakana ya misheni huko kusini. Alinipa tupa na kipande cha mbao, akaniambia, "Piga tupa mpaka mbao iache kukuchukia." Nilipiga tupa miaka minne. Baadaye mimi nikaenda kusoma diploma, yeye akahamia Dar akafungua banda nyuma ya nyumba yake. Umoja ulipoanzishwa alikuwemo, mmoja wa watu tisa tuliokaa kwenye madawati ya shule ya chekechea kwa kukosa ukumbi. Kisha likaja sharti kwamba mwanachama lazima awe na cheti cha chuo, na jina lake likaondolewa kwenye daftari. Hakuna aliyekwenda kumwambia. Mimi nilikuwa kwenye kikao kile, na nilinyamaza kama niliyemwagiwa maji.

Na chapa ile kwake haikuwa pambo. Hakuipiga siku mguu unapokamilika. Mgonjwa alitakiwa kwanza auvae na kuuzoea, halafu siku iliyopangwa atoke bandani peke yake, bila gongo wala bega la mtu, atembee mpaka kona ya msikiti na kurudi. Akirudi amesimama, mzee anakitia chuma chake kidogo kwenye makaa, anapiga chapa, na wanawake waliomsindikiza mgonjwa wanapiga vigelegele. Watu walileta ndugu zao kutoka Chamazi na Kongowe kuja kushuhudia. Asiyefika konani harudi na chapa. Anarudi wiki ijayo. Kwa hiyo mtu mwenye alama ile chini ya goti alikuwa ameipata kwa jasho lake.

Nilimwonyesha picha mwenyekiti wetu, Elibariki. Ni mtu mpole, wa kauli za taratibu, ambaye sidhani kama amewahi kuruka foleni hata ya maji.

"Mwandikie kama tulivyowaandikia wengine," alisema. "Sheria ni msumeno, Ana. Tukimwacha huyu kwa sababu ni mzee wetu, yule wa plastiki tutamwambia nini?"

Nikachukua barua tuliyokuwa tumemwandikia mchapaji mmoja wa fulana, nikabadilisha jina na anwani, nikasaini. Ilisema aache kutumia jina la umoja na la fani ya viungo bandia, aondoe nembo kwenye bidhaa zote alizokwisha kutengeneza, ndani ya siku thelathini, na atoe taarifa kwa maandishi. Kwa mtu wa fulana maneno hayo yalikuwa na maana ya fulana zilizobaki stoo. Sikuyafikiria zaidi ya hapo.

Nilipaswa kuipeleka mwenyewe. Nilijiambia kwamba kutoka Tegeta kwenda Mbagala ni safari ya kuvuka mji mzima, kwamba wagonjwa wananisubiri, kwamba mvua inakuja. Uongo mtupu. Nilikuwa naona aibu kumtazama usoni. Nikampa barua mtu wa bodaboda, akarudi na sahihi ya mzee kwenye kitabu cha kupokelea, imeandikwa vizuri kama ya mwanafunzi wa misheni.

Wiki ya tatu, siku ya Ijumaa, mama mmoja aliingia kliniki kwangu Tegeta kwa magongo, mguu wa bandia ameufunga kwenye kanga na kuubeba mgongoni. Alijitambulisha kuwa anaitwa Mwamvita, muuza vitumbua wa Mbagala Rangi Tatu.

"Dokta, nakuomba unitazamie kama huu mguu bado mzima," alisema.

Niliufungua. Ulikuwa mzima kabisa, na nilijua umetoka wapi. Chini ya goti palikuwa na kidonda cheupe cha msasa, kipana kama kiganja.

"Mbona huuvai?"

"Nauvaaje na umefutwa?" Macho yake yalijaa maji. "Mzee Gregori kaja kwangu asubuhi, mie nina unga mikononi. Kakaa kwenye kigoda, kaniambia vua mguu mwanangu. Nikajua anataka kukaza mikanda. Mara naona anatoa msasa. Nikamwambia, mzee, nimekukosea nini? Mie si nilifika kona ya msikiti? Si uliniona mwenyewe? Akasema hujakosea, barua imekuja. Anasugua huku anahema kama aliyebeba gunia. Kwa hiyo dokta, niambie ukweli. Mguu wangu ni feki?"

Nilivuta kiti nikakaa.

"Amekwenda kwako tu?"

"Kwangu tu? Ana daftari. Majina mia na kumi na saba. Anazunguka nyumba kwa nyumba, Mbagala yote, Kongowe, mpaka Chamazi. Na hospitali walishamwambia moyo wake umetanuka, apumzike."

Nilimvalisha Mwamvita mguu wake, nikamwapia kwamba ni mzima. Alinisikiliza kwa heshima, akavaa, akatembea hatua tano, akaomba magongo yake. Alipotoka nikampigia simu mzee. Alipokea baada ya kuita sana, na nyuma yake nilisikia kuku na watoto wa nyumba ya watu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, Ana mwanangu. Nimebakiza arobaini na mmoja. Siku zitanitosha?"

"Mwalimu, acha hiyo kazi. Leo hii. Hatukuwa na maana ya miguu ambayo watu wanaivaa."

"Barua inasema zote nilizokwisha kutengeneza."

"Naijua, nimeiandika mie. Nilikosea."

Nilisikia anavyohema. "Ana, barua ina muhuri. Maneno ya simu hayana muhuri. Mie nilitumia kitu cha watu bila idhini, sikujua, sasa nimejua. Leta barua nyingine yenye muhuri, nitaacha saa hiyohiyo. Bila hiyo naonekana mkaidi, na mie umri huu siwezi kuitwa mkaidi." Halafu akaongeza, kama kunituliza, "Barua yako imeandikwa vizuri. Niliwaonyesha wanangu."

Muhuri ulikuwa kwenye droo yangu. Nauelezea vizuri hapa kwa sababu ndio mzigo wangu. Kanuni ya tisa inasema muhuri na karatasi yenye nembo havitatumika bila idhini ya mwenyekiti. Nilimpigia Elibariki. Alikuwa Same kwenye kipaimara cha mpwa wake, nyuma kunaimbwa.

"Suala zito hilo," alisema. "Tukibadilisha barua lazima kikao kijue. Kipo Alhamisi, nitaliweka ajenda ya kwanza."

"Mzee anaumwa, mwenyekiti."

"Ndiyo maana nimesema ya kwanza."

Nilikata simu nikafungua droo. Niliandika ile barua, mistari minne tu, nikaichapa kwenye karatasi yenye nembo. Nikaushika muhuri mkononi. Ningeupiga, ningepanda bodaboda, kabla ya saa kumi ningekuwa Mbagala, na mzee angeacha. Hakuna ambaye angenifunga. Labda wangenivua ukatibu wa nembo, cheo ambacho watu wanakicheka. Nilisimama pale nikijiuliza itakuwaje katibu wa kanuni awe wa kwanza kuzivunja. Kisha nikaurudisha muhuri kwenye droo, nikaichana barua, nikamtumia mzee ujumbe: "Mwalimu, vumilia mpaka Alhamisi, usitoke nyumbani." Hakuujibu. Siku hizo hakuwa mtu wa kujibu ujumbe; alikuwa na majina arobaini na moja.

Jumatano asubuhi Mwamvita alinipigia. Mzee alikuwa amefariki jana yake, Chamazi, kwenye nyumba ya mgonjwa wake. Aliomba maji ya kunywa, wakamletea, wakamkuta ameegemea ukuta na msasa umemlalia mapajani. Mazishi Ijumaa.

Nililia mpaka mhudumu wangu akawaomba wagonjwa waje kesho. Nililia kwa huzuni na kwa hasira, na hasira yote ilikuwa kwangu mwenyewe. Majuto ni mjukuu, huja kinyume. Nilikuwa nawatania wenzangu kwa msemo huo wakisahau kupima goti mara mbili.

Alhamisi kikao kilikaa. Nilidhani wangeiondoa ajenda. Elibariki, macho mekundu, alituomba tusimame dakika moja kumkumbuka mzee, tukasimama, tukakaa, akasema ajenda ya kwanza iko palepale kwa kuwa ilikwisha kuandikwa na kusambazwa. Wakajadili. Wakaazimia kwamba viungo vilivyokwisha kuvaliwa na wagonjwa visiguswe, na kwamba Mzee Gregori Nandonde atambuliwe kuwa mwanachama wa heshima, mwenye haki ya kutumia jina na nembo maisha yake yote. Wote wakanyoosha mikono. Na mimi niliunyoosha wangu. Nikaandika barua kwa jina la marehemu, mwenyekiti akasaini, na nikapiga muhuri kwa idhini kamili.

Ijumaa nilikwenda Mbagala. Safari hii mji ulivukika.

Turubai lilikuwa limefungwa kati ya nyumba na banda. Wanaume kwenye viti, wanawake kwenye mikeka, na katikati ya watu wote hao niliwaona wagonjwa wake. Hawakujificha. Wengine walikuwa wamekunja suruali kwa sababu ya joto, na chini ya goti la kila mmoja palikuwa na lile baka jeupe. Wanne watano walikuwa na magongo ambayo hawakuyahitaji.

Yuliana, kitindamimba wa marehemu, mwalimu wa shule ya msingi, alinipokea mlangoni. Tulifahamiana tangu akiwa mtoto wa kubebwa.

"Shikamoo dada Ana. Ahsante kwa kuja."

"Marahaba mdogo wangu. Pole. Poleni sana."

"Tumeshapoa. Dada, nilikuwa nakuombea ufike mapema. Kuna karatasi nataka uipitie kabla haijasomwa."

Ulikuwa wasifu wa marehemu. Niliusoma nimesimama. Alizaliwa Masasi mwaka elfu moja mia tisa arobaini na tisa. Alibatizwa, akasoma, akafunga ndoa. Alikuwa mkulima na fundi seremala. Aliugua moyo. Ameacha watoto watano na wajukuu kumi na wanne. Nikaugeuza upande wa pili, palikuwa patupu.

"Yuliana, mbona hamkuandika kazi yake?"

"Tumeandika. Fundi seremala."

"Baba hakuwa seremala!"

"Najua, dada. Lakini barua ilisema asilitumie jina la umoja wala la fani. Kaka zangu wakasema tusije tukamzika baba halafu tukaletewa barua nyingine. Ndiyo maana nakuuliza wewe mwenyewe." Akaweka kidole kwenye mstari. "Hili la fundi seremala, linaruhusiwa?"

Aliuliza kwa moyo safi. Ingekuwa kejeli ningepona.

Nilifungua mkoba nikampa barua ya kikao. Aliisoma, akairudia, kisha akatazama tarehe na mimi, mimi na tarehe.

"Imesainiwa jana."

"Ndiyo."

"Wakati mnajua."

"Tulijua."

Akaikunja vizuri kwa mikunjo ileile, akanirudishia. Akaingia ndani, akatoka na daftari la kurasa nyingi lililofunikwa gazeti. "Taarifa ya maandishi mliyoitaka ni hii. Wote mia na kumi na saba. Baba alibakiza wanane. Jumatano na jana kaka zangu wamezunguka kuwamalizia, wameacha msiba na kwenda, maana alikuwa na wasiwasi na tarehe yenu. Wa mwisho walimkuta Kongowe jana saa nane."

Nililipokea. Kila jina lilikuwa na siku yake na neno "imeondolewa", kwa mwandiko wa mzee, na manane ya mwisho kwa mwandiko mwingine.

"Yuliana, niruhusu nisimame niwaambie watu," nilisema. "Niwasomee hii barua. Wajue kwamba alikuwa halali, kwamba miguu yao ni halali. Kosa ni langu, nitalisema mbele ya wote."

Alifikiri. Kule nje walikuwa wanaanza kuimba, na nilimwona anataka kulia na anajizuia.

"Ukishasema, wale watu watafanya nini na mabaka yao?" aliniuliza taratibu. "Na baba je? Sasa hivi watu wanasema amekufa akitii. Ukisoma hiyo, watasema amekufa bure. Mie nitaishi nayo vipi? Hapana, dada. Wagonjwa nenda ukawaambie nyumbani kwao, mmoja mmoja, kama alivyowaendea yeye. Daftari unalo. Lakini leo niache nimzike baba yangu ametii."

Sikuwa na haki ya kubishana. Nilikwenda nikakaa kiti cha tatu kutoka mbele, jirani na Mwamvita, ambaye hakunisalimia.

Ratiba iliongozwa na Bwana Nurdin, mjumbe wa mtaa, jirani yake mzee kwa miaka ishirini. Alisoma wasifu kwa sauti kubwa na nzuri. Alipofika kwenye "mkulima na fundi seremala" alisita, akaitazama karatasi kwa karibu kama anayedhani miwani imemdanganya, kisha akaendelea. Nyuma yangu mwanamume mmoja alisema, "Seremala?" Mwenzake akamwambia anyamaze.

Zikaja salamu za rambirambi. Jumuiya walisema, wanakwaya walisema, majirani walisema.

"Kuna mtu yeyote kutoka kazini kwa marehemu?" Bwana Nurdin aliuliza. "Kama yupo, asimame atoe neno."

Watu waligeuka kutazamana. Mwamvita alinitazama mimi, na mwanamume wa nyuma yangu akanigusa bega. Kule kwenye mkeka Yuliana aliniangalia akatikisa kichwa, kidogo tu.

"Jamani, hayupo hata mmoja?" Bwana Nurdin alingoja. Alingoja muda mrefu kuliko ilivyo desturi, macho yake yakipita kila safu. "Basi. Hayupo. Tuendelee."

Nikabaki nimekaa.